Bibie, Kitabu, Filamu na Mdomo Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Bibie yuko fainali! Maktaba ya mji imebakiza vijana wawili tu, na mmoja ni wangu, mtoto wa tumbo hili, aliyenifuata kwa kila kitu isipokuwa sauti. Yeye huongea kama anaogopa kumwamsha nzi. Mimi nikipiga chafya saluni, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara ananiombea afya.

Kazi waliyopewa: wamesoma riwaya moja, inaitwa Mji wa Minong'ono, na Jumamosi kila mmoja atasimama mbele ya watu ailinganishe na filamu yake. Mshindi atakuwa anasoma vitabu redioni kila wiki, mji mzima umetega sikio. Bibie ameitaka kazi hii tangu hajaota meno ya pili. Alikuwa anawasomea wateja wangu magazeti ya zamani wakiwa chini ya drayer la kukaushia nywele. Hawakusikia neno, drayer linanguruma. Lakini walitikisa vichwa vizuri sana.

Mpinzani wake ni kijana wa mwoka mikate. Mtaa mzima tunamwita Kamusi, maana hawezi kuomba chumvi bila kukupa maneno ya kwenda kutafuta maana. Mama yake alipita saluni makusudi, unga mpaka kwenye viwiko, akasema ni vizuri Bibie amefika pale, atapata uzoefu. Uzoefu! Nikamjibu kwa tabasamu la meno yote.

Pigo moja tu leo. Tukiwa mezani Bibie akasema, macho kwenye sahani: "Mama, nakupenda. Usije."

Nikauliza kwa nini. Akasema kwenye nusu fainali alipotajwa jina tu nilipiga vigelegele, sentensi yake ya kwanza ikampotea, akaanzia ya pili. Nikamwambia ya pili ilikuwa nzuri zaidi. Baba yake, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, akasema hm.

Nimeahidi sitakwenda. Ahadi imetoka mdomoni. Moyo haukuwepo kwenye kikao.

Jumanne, 4 Juni

Mama hawezi kukaa tu mikono mapajani mtoto akiwa vitani. Nimeamua kumsaidia kwa hoja.

Nimekishika kitabu. Kizito kama tofali. Nimesoma jalada la mbele na la nyuma, yote. Kuna picha ya mwandishi, mama mwenye macho ya huzuni, nywele zimekatika mbele. Zilinisikitisha kuliko maandishi. Nikafungua ukurasa wa kwanza: msichana anaangalia ukuta. Ukurasa wa pili: bado anauangalia. Nikakifunga kwa heshima.

Filamu ni fupi. Bibie alishaiangalia maktaba ilipoionyesha, sasa zamu yangu. Nikaenda duka la filamu. Muuzaji akauliza nataka yenyewe au ya Radi. Radi ni yule bwana anayetafsiri filamu, sauti yake juu ya sauti za waigizaji. Nikamwambia anitilie ya Radi kwenye flashi, bila shaka. Nani anataka kusoma maandishi mguuni mwa picha wakati mikono imo kichwani mwa mtu?

Tumeiangalia saluni, mimi na wateja. Jamani, filamu! Kuna mji wa kuta za kijivu. Mkuu wao amejenga sikio la chuma juu ya mnara. Ukikosea, askari wanakuja na kukupeleka Nyumba ya Pamba, na hutarudi tena. Kosa lenyewe ni nini sikulipata vizuri, Radi alisema wamekosa adabu, akaendelea na mambo mengine. Kuna msichana shujaa, Radi anamwita Shemeji. Mkuu mwenyewe ni mkali, ila kila akikunja uso Radi anatufafanulia: anamwogopa mama mkwe wake, anakuja Ijumaa. Tulicheka mpaka mteja wa rasta akaomba maji.

Mwisho Shemeji anapanda juu ya paa, anapiga ukelele mmoja, vioo vinapasuka, sikio la chuma linaanguka, Mkuu anakimbia na askari mzuri anamkumbatia Shemeji. Tukapiga makofi. Mteja mmoja alilia machozi. Baadaye alisema nilikuwa nimemvuta nywele, lakini mimi nilimwona, ni filamu.

Jumatano, 5 Juni

Nimempa Bibie hoja zangu mezani. Nilianza na ile ya nguvu: Mkuu anatisha nje, ndani anamtetemekea mama mkwe, hapo tunajifunza kwamba kila mwenye cheo ana wa kumkalisha chini.

Bibie akaacha kutafuna. Akauliza mama mkwe gani. Nikasema anayekuja Ijumaa. Akasema hakuna mama mkwe, si kwenye kitabu, si kwenye filamu, Mkuu hata mke hana. Nikamwambia mwanangu, nimeangalia kwa macho yangu mawili. Akauliza, na Shemeji ni nani tena. Nikaona huyu mtoto amesinzia maktaba.

Ndipo akasema neno la ajabu. Eti katika mji ule ni marufuku kupaza sauti. Eti hilo ndilo kosa lenyewe. Watu wote wananong'ona, mwanzo hadi mwisho, sikio la chuma linawasikiliza, na anayepaza sauti ndiye anayepelekwa Nyumba ya Pamba.

"Wananong'ona?" nikasema. "Bibie, mji ule nimeusikia mimi! Fundi viatu ameusikia akiwa ng'ambo ya barabara!"

Bibie akanitazama kama mtu anayetazama taa iliyowaka yenyewe. Akauliza ni filamu ya nani. Nikasema ya Radi. Akaomba flashi yangu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikaweka sikio mlangoni. Si umbea, ni ulezi. Nikasikia sauti ya Radi, halafu nikasikia Bibie anacheka. Bibie, anayecheka kwa mabega tu, anacheka kwa sauti! Baba yake akapita, akanikuta nimeinama kwenye tundu la ufunguo, akasema hm.

Nimeshinda mjadala. Hakuna anayecheka hivyo bila kuona ukweli.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi, nina uchungu.

Nilikwenda kwa mwoka mikate kupeleleza. Mpango ulikuwa safi: kununua mkate, kuuliza hali, kusikiliza, kuondoka. Mama Kamusi alinipokea vizuri, akaniketisha karibu na tanuri. Akasema Kamusi amekisoma kitabu mara nyingi mpaka kurasa zinatoka, ila filamu hakuiona, siku maktaba ilipoionyesha tanuri liliharibika na alikuwa anakanda unga kwa mkono hapa hapa. Moyo wangu ukacheza. Hajaiona! Nikae kimya, niondoke, tumeshinda.

Lakini akaongeza kwamba bila shaka hata wengine waliona picha tu wakaondoka bila hoja.

Wengine. Alikuwa anamaanisha damu yangu.

Basi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia yote. Mama mkwe wa Ijumaa, mwenye cheo na wa kumkalisha chini, vyote, mpaka mafunzo yake. Mama Kamusi akawa anafuta meza ile ile, anafuta, anafuta, huku anasema ehee, ehee, endelea shoga yangu. Hajawahi kuniita shoga yake tangu tufahamiane. Nilipofika mlangoni nilimsikia anaita, "Kamusi! Njoo na kalamu!"

Nimempa adui hoja ya mtoto wangu, na mkate nimeusahau kaunta.

Sikumwambia Bibie. Alikuwa anaandika, anafuta, anaandika, na mara moja akanitazama akatabasamu. Tabasamu lile lilinichoma kuliko drayer.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeamka na nguvu mpya. Kama hoja imeibwa, basi mtoto lazima awe na mama ukumbini. Ahadi ya Jumatatu niliitoa kabla sijajua hali ya vita.

Bahati ikaniletea mkutubi mwenyewe, anataka nywele za kesho. Mwanamke mwembamba, anavaa miwani yenye mnyororo, anaongea chini chini kama kitabu kinaweza kumsikia. Nikampa mikono yangu yote, nikamkanda kichwa mpaka akafumba macho, halafu nikamuuliza kwa upole kama wazazi wanaruhusiwa kuingia.

Akasema ukumbi ni wa wote. Ila kuna kanuni mpya. Mwaka jana familia zilizomeana, basi safari hii kelele yoyote ya ndugu wa mshindani inamkata mshindani alama. Akikohoa mtu si neno. Lakini kupiga kelele, akasema, alama nyingi zinakwenda, hata ushindi unaweza kwenda nazo.

Nikammwagia maji ya baridi shingoni. Haikuwa makusudi.

Yaani mtoto wangu anaweza kuikosa redio kwa sababu ya koo langu. Nimekaa nikaliwaza hilo huku nikifagia nywele. Mwanamke mwenye busara angebaki nyumbani.

Jioni nimefanya mazoezi ya kunyamaza. Nikamwambia Baba Bibie aseme kitu kizuri kuhusu mtoto wetu, mimi nitulie. Akafikiri, akasema ana mwandiko mzuri. Nikapiga vigelegele. Akatikisa kichwa. Tukarudia, nikiwa nimejaza leso mdomoni. Akasema ana akili. Machozi yalinitoka, pua ikapiga filimbi, lakini mdomo ulitulia. Baba Bibie akasema hm, na hii ilikuwa ya kunisifu, zinatofautiana.

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Niliingia kwa kujificha: kitambaa kikubwa mpaka kwenye nyusi, miwani ya jua ya Baba Bibie, leso mbili mfukoni. Nikakaa safu ya mwisho nyuma ya mwanamume mwenye mabega. Ukutani kuna kibao kikubwa: KIMYA. Mbele meza ya majaji: mkutubi na nywele zake, nzuri ajabu, kila mtu alikuwa anaziangalia, mwalimu mstaafu, na mtangazaji wa redio, mwenye sauti ya asali. Mama Kamusi safu ya kwanza, kama bibi harusi.

Kamusi alianza. Lazima niseme ukweli, kijana anajua. Kwenye kitabu alitembea kama nyumbani kwao. Akaeleza kwamba riwaya inaishia pale msichana anapopanda paa, anafungua mdomo wake apige ukelele, na sauti haitoki, amenong'ona maisha yake yote, sauti imekufa ndani. Sikujua! Kwenye filamu si vioo vinapasuka? Nikajaza leso ya kwanza.

Kisha Kamusi akafika kwenye filamu. Nikamwona anatazama karatasi, anamtazama mama yake, anatazama karatasi tena. Akasema katika filamu mtawala huyu katili anadhihirisha udhaifu wake wa kinafsi pale anapomtetemekea mama mkwe wake, anayetarajiwa Ijumaa.

Mwalimu mstaafu akavua miwani. Mkutubi akauliza, chini chini, mama mkwe yupi. Kamusi akasema wa Ijumaa. Mtangazaji akafunika mdomo kwa mkono. Kamusi akasimama pale, maskini, masikio yamemwiva, mama yake anamfanyia ishara aendelee, naye hana pa kuendelea. Nilimhurumia, wallahi. Nilimhurumia na kufurahi, vyote kwa pamoja, leso ikaloa.

Akaingia Bibie wangu. Sketi ya bluu, nywele nilizosuka mimi mwenyewe asubuhi, mistari imenyooka kama reli. Akaanza kwa ile sauti yake ndogo, watu wakainama mbele kumsikiliza. Kuhusu kitabu, kuhusu filamu, kwa nini mwandishi alichagua kimya na watengeneza filamu wakachagua vioo. Akasema kitabu kinatuachia hofu twende nayo nyumbani, filamu inatunyang'anya mlangoni. Mwalimu mstaafu akaandika hilo.

Halafu akasema hivi. Nayakumbuka yote.

"Lakini kuna toleo la tatu. Hili aliliona mama yangu, saluni kwake. Ni filamu ile ile, imetafsiriwa na bwana mmoja anayeitwa Radi. Katika kitabu mji unanong'ona kurasa zote. Katika filamu mji unanong'ona mpaka dakika za mwisho. Kwa Radi haunong'oni hata mara moja, kwa sababu Radi hanyamazi. Askari wakikaa kimya, yeye anasema. Mkuu akikunja uso, yeye anampa mama mkwe."

Ukumbi ukacheka. Kamusi akainua kichwa. Bibie akamtazama, si kwa kumcheka, akamwambia kwamba yeye pia Jumatano alidhani mama yake ameota. Kamusi akacheka naye. Ikaisha aibu yake, hivyo tu. Mtoto niliyemlea!

"Mama yangu aliiangalia filamu yote," akaendelea, "na hakujua kwamba katika mji ule sauti ni kosa. Kwanza nilicheka. Kisha nikafikiri. Lile sikio la chuma lilishindwa kufika saluni kwa mama yangu. Mwandishi anauliza mtu afanye nini mji wake ukinyamazishwa. Nafikiri jibu moja ni kuwa na mtu mmoja nyumbani ambaye hata hajui kwamba imekatazwa."

Hapo nikajaza leso ya pili juu ya ya kwanza. Sikuwa napumua vizuri.

Bibie akaifunga karatasi yake. "Msichana wa kwenye kitabu alipanda paa akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Mimi pia sauti yangu ni ndogo. Lakini mimi sikupanda peke yangu. Mama yangu yuko safu ya mwisho, nyuma ya yule bwana, amevaa miwani ya baba. Nilimwambia asije." Akatabasamu. "Mama, toa."

Sijui nilisimama saa ngapi. Leso zilikwenda zilikokwenda, moja ilimpata yule bwana wa mabega. Nikatoa. Nilitoa vigelegele vya wiki nzima, vya nusu fainali, vya siku aliyozaliwa. Taa zilitetemeka. Kibao cha KIMYA kikaachia msumari mmoja, kikaning'inia upande. Watu wote wakasimama, makofi, miluzi, na Baba Bibie, ambaye sikujua kama alikuja, nikamsikia kutoka pembeni akisema kwa sauti kuu, "Hm!"

Nilipokaa ndipo nikakumbuka kanuni. Mama Kamusi alishasimama, kidole juu, anasema alama, alama, kelele ya ndugu. Majaji wakainamiana. Mkutubi alikuwa hatabasamu. Bibie pale mbele amekunja mikono, ameuma mdomo, na mimi nilitamani ardhi inimeze na miwani yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na la kusema.

Mkutubi akainuka. Akasema kanuni aliiandika yeye, na alipoiandika alikuwa anafikiria ndugu wanaomkatiza msemaji. Hapa msemaji ameomba. Akasema kelele ile ilikuwa sehemu ya hotuba, na kwa bahati mbaya ilikuwa sehemu bora. Mtangazaji akasema redioni wanatafuta mtu anayejua wakati wa kunyamaza na wakati wa kumwachia mwingine.

Bibie ameshinda! Bibie wangu! Redio!

Mama Kamusi nilimkuta nje ameegemea ukuta. Akasema nilimtega. Nikamwambia shoga yangu, ningekuwa na akili ya kukutega ningekuwa waziri. Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kamusi ni wa pili, na maktaba imempa kadi ya kuazima vitabu bila kikomo. Nimemwambia Mama Kamusi aje Jumatatu nimsuke bure. Akauliza mkate wangu wa Alhamisi nauchukua lini.

Bibie alinishika mkono njia nzima. Hakusema kitu. Nilisema mimi, kwa wote wawili.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka shujaa. Fundi viatu amenipongeza kabla sijafungua mlango. Mtu akiniuliza nimejifunza nini wiki hii, nitamwambia: nilikuwa sahihi tangu Jumatatu. Ningemtii mtoto nikakaa nyumbani, nani angepiga vigelegele?

Bibie ameniomba jambo moja tu, kwa adabu zote. Jumamosi ijayo anasoma redioni kwa mara ya kwanza, na atakachosoma ni Mji wa Minong'ono. Ameomba nimsikilize nikiwa nyumbani. Studio ni ndogo, kipaza sauti kinasikia hata pumzi. Nimeahidi. Nimeweka mkono kifuani na kuahidi.

Kisha nikakaa nikafungua kitabu, nisije nikaaibika tena. Nimefika ukurasa wa tatu. Msichana bado anauangalia ukuta. Kimya kingi mno, wasikilizaji watalala, na mtoto wangu ndiye atakayelaumiwa.

Mchana nikaenda duka la filamu. Nimeelekezwa nyumbani kwa Radi. Kumbe ni mzee mfupi, mpole, anafuga njiwa. Nikamweleza vizuri. Kwanza akaguna, halafu macho yakaanza kumng'aa. Tumekubaliana: Jumamosi anavaa shati safi, tunakutana mlango wa nyuma wa redio. Bibie atasoma, na kila palipo kimya, Radi ataingia.

Ameshaniuliza mama mkwe anaitwa nani.